Kengele za Mazoezi

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye kuanzia stendi ya Makambako hadi soko la Njombe ananiuliza, "Fundi, Uingereza kukoje?" Nikianza kujibu, anaangalia simu yake. Basi nimeamua kuandika. Nyinyi marafiki zangu wa kamati na wa kijiweni msome kwa nafasi zenu, na asiyetaka aache. Picha nzuri sina. Simu yangu imejaa picha za ukuta mmoja uliopinda, na huo nitaufikia.

Kwa asiyenijua, mimi ni mwashi. Nimejenga kwa tofali za kuchoma tangu ujana wangu, na nyumba nyingi za barabara ya Makambako hadi Njombe zenye kuta zilizonyooka ni zangu. Zilizopinda ni za wengine. Kanisani kwetu mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi. Tuna mnara wa kengele uliojengwa na babu zetu, na mnara huo una ufa kuanzia juu hadi dirishani. Mimi nilikuwa nasema ubomolewe. Siku hizi msiba unatangazwa kwenye kundi la WhatsApp, spika tunazo, kengele ya nini? Wazee wakanuna, vijana wakanishangilia, na kamati ikagawanyika.

Mwenyekiti wetu, Mzee Mligo, hapendi kelele. Kanisa rafiki la kijiji kimoja cha Uingereza, lenye mnara wa mamia ya miaka, lilikuwa limeomba mgeni mmoja akae kwao wiki tatu. "Nenda wewe, fundi," akaniambia. "Kaangalie wenzetu wanafanya nini na minara yao. Ukirudi, neno lako ndilo tutakalolifuata." Nilikubali upesi, kwa sababu neno nilikuwa nalo tayari mfukoni.

Nyumbani hadi Makambako

Niliondoka mwezi wa sita, asubuhi ambayo majani ya viazi yalikuwa meupe kwa barafu. Mke wangu, Mama Tumaini, alikuwa amenifungia majani ya chai, maharage na parachichi sita zilizofungwa moja moja kwenye gazeti. Nilimwambia Wazungu wana vyakula vyao. Akasema, "Hata kama. Huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu." Mimi mwenyewe nilijifungia kitu kimoja tu cha maana, timazi yangu ya shaba, kile kipande kizito cha kuning'iniza kwenye uzi ambacho mwashi anapimia kama ukuta umesimama wima.

Basi lilitakiwa kupita Makambako saa moja. Lilifika saa nne, na likakaa tena saa nzima kwa sababu utingo alikuwa anashusha mabegi ya watu ili apakie magunia ya viazi ya mtu asiyesafiri. Hakuna aliyemuuliza. Makambako upepo unapita hadi kwenye mifupa, na sisi tulisimama tu tukinunua mahindi ya kuchemsha ili tupate kitu cha moto cha kushika.

Karibu yangu alisimama mama mmoja wa Ludewa mwenye ndoo ya dagaa.

"Baba unaelekea wapi na koti zuri hivyo?"

"Uingereza, mama."

"Kufanya nini?"

"Naenda kuangalia mnara."

Akanitazama kuanzia viatu. "Yaani hapa Makambako minara ya simu haiwatoshi?"

Nikamweleza kwamba ni mnara wa kengele, wa kanisa. Akafikiri kidogo, akasema kwao wameambiwa mgodi wa makaa ya mawe utafunguliwa Mchuchuma tangu yeye msichana, na bado analima mihogo, lakini hajawahi kusikia mtu aliyepanda ndege kwenda kuangalia kengele. Nilikasirika, ila nilikubaliana naye kimoyomoyo.

Dar es Salaam na angani

Uwanja wa ndege walinisimamisha kwa ajili ya timazi. Kijana wa ukaguzi aliitoa kwenye begi langu la mkononi, akaining'iniza mbele ya macho yake.

"Hii ni nini, mzee?"

"Timazi. Ya kupimia ukuta."

"Ndani ya ndege kuna ukuta unataka kuupima?"

Akaitwa mkubwa wake, na mkubwa akaita mkubwa mwingine. Watatu wote hawakuwahi kuona timazi, na wote wanaishi kwenye nyumba. Hatimaye wakanirudisha nikaitie kwenye begi kubwa, nikapanga foleni upya nyuma ya familia yenye masanduku tisa. Ndege yenyewe sina la kusema. Walitupa chakula cha kitoto kwenye visahani, na wali wake ulikuwa na ubaridi katikati.

Treni iliyomwogopa bata

Uingereza nilipanda treni safi, ya haraka, kwa muda wa dakika ishirini. Kisha ikasimama katikati ya mashamba. Sauti ikatangaza kwa unyenyekevu mkubwa kwamba kuna bata maji amekaa juu ya reli.

Tulikaa pale zaidi ya saa. Behewa lilikuwa limejaa watu wazima wenye afya, na hakuna hata mmoja aliyesimama kusema tushuke tukamfukuze. Hawakulalamika wala kuongea. Mimi nilipoingia nilikuwa nimewasalimia wote kwa Kiingereza changu cha shule, na wakanitazama kama nimeomba hela. Nikawaza ingekuwaje bata yule angekutwa kwenye reli ya Makambako. Treni ingechelewa dakika tano, na bata angefika Makambako kwenye sufuria.

Stesheni nilipokelewa na mwenyeji wangu, mama mjane ninayemwita Mama Jini, maana ndivyo masikio yangu yalivyolisikia jina lake. Ujanani alifundisha shule huku kwetu miaka miwili, na Kiswahili chake kimebaki vipande. Alikuwa amekuja na koti zito, skafu na blanketi. "Pole sana," akasema. "Wewe Afrika, hapa baridi." Kulikuwa na jua, na watu wamevaa kaptura. Nilimweleza kwamba nimetoka Njombe mwezi wa sita, ambako maji ya ndoo yanaganda. Akacheka, akanifunika blanketi.

Kijiji na mali zake

Jina la kijiji siliandiki, kwa sababu lina herufi kumi na mbili na wenyewe wanatamka tano. Asubuhi ya kwanza Mama Jini alinitembeza kunionyesha urithi wao, na mimi nilitembea nyuma yake kwa adabu huku nikihesabu makosa ya ujenzi.

Katikati ya kijiji kuna pampu ya maji. Imepakwa rangi ya kijani inayong'aa, imewekewa uzio mdogo na kibao chenye maandishi. Nilishika mpini nikapampu. Haikutoa hata tone. Mama Jini akaniambia haijatoa maji tangu zamani za bibi yake, wanaitunza tu. Kwetu pampu ikikauka wiki moja, mwenyekiti wa kijiji halali. Kwao ikikauka miaka mia moja wanaipiga rangi na kupiga nayo picha.

Kuna kibanda chekundu cha simu kisicho na simu. Ndani wameweka vitabu vya mapenzi vilivyolowa, na mashine ya kushtua moyo uliosimama. Kuna choo cha umma ambacho siku hizi ni ukumbi wa kuonyeshea michoro, na ukibanwa unaambiwa uende nyumbani. Duka ni moja, linafunguliwa asubuhi tatu kwa wiki, na wauzaji ni wastaafu wanaojitolea ambao hawajui bei. Basi linapita Jumanne na Ijumaa, na nililiona mara mbili likiwa na dereva peke yake. Kuna bwawa lenye mabata wanene wasio na mwenyewe, na hakuna anayewala.

Ila nyumba ndizo zilizonimaliza. Nusu ya kijiji kile ni nyumba za nyasi. Nasema nyasi, nyinyi mnanielewa. Kwetu mtu akiwa bado kwenye nyasi tunamchangia apate bati, na mimi kwa mikono hii nimetoa familia nyingi kwenye nyasi. Mama Jini akaninong'oneza kwamba hizo za nyasi ndizo za matajiri, na kwamba sheria inakataza kuziondoa. Nilicheka hadi nikashika ukuta, na ukuta nao haukuwa wima.

Chai waliniwekea maziwa ya baridi. Mchana viazi, jioni viazi. Nimetoka kwenye viazi kwa ndege mbili nikaletewa viazi, na wakaniuliza kama huko kwetu tunavijua.

Wota

Jirani wa Mama Jini alikuwa mzee mrefu aliyeinama kidogo, anaishi peke yake kwenye nyumba ya nyasi iliyochakaa kuliko zote. Siku ya pili alikuwa amesimama kwenye uzio wake. Mama Jini akamnyooshea mkono akasema, "Wota." Nikajibu ahsante, sina kiu. Ilichukua muda kuelewana kwamba hilo ni jina lake, Walter, na kwamba hakuna aliyekuwa ananikaribisha maji. Yeye alicheka kuliko wote. Nikamwita Mzee Walta.

Alikuwa fundi wa kuezeka nyasi. Maisha yake yote alikuwa akipanda ngazi na kufunga matita ya nyasi juu ya nyumba za watu, hadi magoti yakagoma. Nilipomwambia kazi yangu kwetu ni kuwaondoa watu kwenye nyasi, akasema polepole ili nielewe, "Mimi nilitaka vigae tangu nilipooa. Sheria imekataa." Tukacheka wote wawili, mafundi wawili tuliofanya kazi ya kubatilishana bila kujuana.

Nikaingia kwake nikaining'iniza timazi kwenye ukuta wa sebuleni. Ukuta ulikuwa umelala nje kwa upana wa kiganja kizima. Huo ndio niliopiga picha zile zote, ili mafundi wenzangu Makambako wasiseme nawaongopea. Nilipotaka kuifungua timazi, akanizuia. "Iache," akasema. "Nitakuwa naangalia kama inayoanguka ni nyumba au ni mimi." Nikaiacha ikining'inia karibu na kiti chake.

Nilimfundisha kusalimia kikwetu. Kila asubuhi nilitoka uani nikapaza sauti, "Kamwene!" na yeye ng'ambo ya uzio akajibu, "Kamwene!" kwa sauti ya mtu anayeita mbwa. Mama Jini aliniambia hajawahi kumsikia mzee yule akipaza sauti kwa miaka yote ya ujirani wao.

Nani amefariki?

Sasa sikilizeni habari ya kengele, maana mmeisikia nusu nusu.

Nyinyi wa kijijini kwetu hamhitaji kuelezwa, lakini wa mjini mmeshasahau. Kengele yetu ikipigwa nje ya saa za ibada, moja moja, polepole, ni msiba. Unaacha jembe, unachukua unga kwenye sahani na kuni moja, unakwenda kanisani, na hapo ndipo unaambiwa ni nyumba ya nani. Huulizi kwanza ndipo uamue kwenda.

Jumatano ya kwanza, saa moja na nusu ya jioni, jua likiwa bado juu kama saa tisa, kengele za mnara wa kijiji kile zikaanza. Hazikulia moja moja, zililia kwa wingi, bila kupumzika, robo saa, nusu saa. Mama Jini hakuwepo. Nikajua huu si msiba mdogo, labda gari limeanguka na watu wengi. Kabatini nikapata pakiti ya unga wa ngano, na kando ya moto wa sebule nikachukua gogo moja katika yale aliyoyapanga kama pambo. Nikavaa koti, nikatoka mbio.

Njiani niliwapita watu wawili wanamwagilia maua. Niliwadharau sana moyoni.

Kanisani hakukuwa na mtu. Nikapanda ngazi ya mnara, nikafungua mlango mdogo, nikawakuta watu sita wamesimama duara wanavuta kamba. Mmoja alikuwa na kaptura. Walikuwa wakitabasamu.

"Nani amefariki?" nikauliza.

Kamba zikasimama moja baada ya nyingine. Yule wa kaptura, ambaye ndiye mkubwa wao, akatazama unga, akatazama gogo. "Hakuna," akasema. "Tunafanya mazoezi."

"Mazoezi ya msiba?"

"Mazoezi tu. Kila Jumatano. Ni starehe yetu."

Kengele nane, mnara wa mamia ya miaka uliozibwa nyufa kwa ufundi ambao hata mimi niliuinamia, na kazi yake ni starehe ya watu sita. Jumapili niliwahesabu waumini, na pamoja na mimi na mchungaji tulifika kumi na mmoja. Usiku uleule wa Jumatano nilimpigia Mzee Mligo nikamwambia neno langu halijabadilika, mnara ni pambo la kizamani, tubomoe. Asubuhi Mama Jini akanionyesha kundi la WhatsApp la kijiji. Mtu alikuwa amenipiga picha nikishuka ngazi na gogo langu, na kijiji kizima kilikuwa kimecheka kwa vikatuni. Niliona aibu, kisha nikaona ndiyo maendeleo niliyoyahubiri.

Asubuhi mbili

Wiki ya tatu, Jumatatu, nikatoka uani nikaita, "Kamwene!" Kimya. Nikaita tena. Nikamwambia Mama Jini naenda kumwona mzee. Akanishika mkono. "Labda amelala," akasema. "Hapa sisi hapana penda kusumbuliwa. Yeye akitaka mtu, atapiga simu."

Nilimsikiliza. Nilikuwa mgeni, na mgeni husikiliza. Lakini sitajisamehe kwa siku ile nzima niliyoshinda nikinywa chai baridi hatua kumi na tano kutoka mlangoni kwake.

Jumanne kimya tena. Sikuomba ruhusa. Nilivuka uzio nikapiga hodi tatu, nikafungua. Mzee Walta alikuwa kwenye kiti chake, ameinamisha kichwa upande wa timazi, amekwishapoa. Nikakaa chini sakafuni karibu na miguu yake, nikalia kwa sauti kama tunavyolia. Kibanda chekundu chenye mashine ya kushtua moyo nilikuwa nakiona dirishani.

Wakaja watu wa gari la wagonjwa, wakaja polisi, wote wapole, wote wananong'ona. Wakamchukua, wakafunga mlango kwa ufunguo, timazi yangu ikabaki ndani. Walisema hana ndugu wa karibu, watatafuta wa mbali.

Nilisubiri kengele. Mchana ukapita. Nikaenda kumtafuta yule wa kaptura nyumbani kwake.

"Mzee Walta amefariki," nikamwambia.

"Ndiyo, nimeona kwenye kundi. Inasikitisha sana."

"Mtapiga saa ngapi?"

Hakuelewa. Nilipomweleza, aliona haya kweli, nisimsingizie. Akasema kengele za msiba ziliachwa zamani za babu yake. Akasema watu waliohamia kijijini hulalamikia makelele, kwa hiyo zimeruhusiwa Jumatano na Jumapili tu, na kuongeza siku ni lazima kikao kikae. Kuhusu mazishi, kuna foleni. Wiki tatu, huenda nne.

"Mimi naondoka Ijumaa," nikasema.

"Samahani sana," akasema.

Mama Jini akanionyesha lile kundi. Chini ya tangazo kulikuwa na nyuso ndogo za njano zenye chozi moja, nilihesabu kumi na nne. Nikatazama barabarani. Hakuna mtu aliyekuwa anakuja.

Basi nilikaa mwenyewe. Mbele ya geti lake kuna benchi lililochongwa jina la marehemu mwingine, nikakaa hapo tangu asubuhi ya Jumatano hadi jioni, nimevua kofia. Watu walipita na mbwa wao wakaniuliza kama niko salama. Nikawajibu, "Nimefiwa." Mama mmoja alisimama kidogo, akakaa dakika chache, akaondoka. Saa kumi Mama Jini akatoka na chai. Maziwa yalikuwa ya moto. Akakaa karibu yangu akasema kwa Kiswahili chake, "Mimi ilikataza wewe Jumatatu." Ilikuwa kweli, na alikuwa analia.

Saa moja na nusu mnara ukaanza mazoezi yake. Tukaondoka tukaingia ndani, mimi na yeye, tukafunga madirisha.

Makambako hadi nyumbani

Safari ya kurudi siisimulii, nililala. Makambako nilishuka alfajiri, upepo uleule. Kijana wa chai akanipa chai ya maziwa yaliyochemka na maandazi mawili, akaniuliza nimetoka wapi, nikamwambia msibani. Akasema pole baba, akaniongezea chai kikombeni bila kuniuliza zaidi. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyohitaji.

Nyumbani Mama Tumaini aliuliza kama parachichi zilipendwa. Nikamwambia tatu nilimpa jirani, akazila kwa chumvi. Akaridhika.

Kikao cha kamati kilipangwa Jumapili ya wiki iliyofuata. Mzee Mligo alinisubiri nitoe neno, na vijana walikuwa wameshaazima nyundo kubwa. Mimi nilikuwa sijui tena nitasema nini. Ufa ni ufa, hauzibwi kwa huruma, na mnara ukimwangukia mtu atakayeulizwa ni mwashi. Ijumaa kabla ya kikao, asubuhi, nikaamua niupime upya. Timazi sina, imebaki ukutani kwa marehemu. Nikafikiri njia nyingine ya kifundi. Nitapanda juu, nitapiga kengele taratibu, na kila pigo nitatazama ufa. Ukicheza, unabomolewa. Usipocheza, tunauziba.

Nikapanda, nikashika kamba, nikapiga. Nikangoja mlio uishe. Nikapiga tena.

Nyinyi mmeshajua, mimi ndiye niliyekuwa sijui. Nilikuwa nimepiga labda mara saba nilipoinua macho dirishani. Kwenye mashamba ya mahindi upande wa juu watu walikuwa wamesimama. Halafu wakaanza kushuka. Mmoja alipita kwake akatoka na sahani. Upande wa viazi nao wakaja, wanawake wanajifunga khanga huku wanatembea, wazee na fimbo, kila mmoja na kuni begani. Wengine simu zilikuwa mikononi na kundi lilikuwa kimya, lakini walikuwa wanakuja. Nikabaki nimeshika kamba.

Nilipofika chini walikuwa wamejaa uwanjani. Bibi Twilumba, ambaye magoti yake mnayajua, alikuwa ameshatua kuni yake. Mke wangu alikuwa nyuma yao na unga, ananitazama kwa hofu, maana hakujua kama ni kwao au ni kwetu.

"Nani amefariki?" akauliza Bibi Twilumba.

Jibu lilikuwa mdomoni, lile la mtu wa kaptura. Lilitaka kutoka. Nilikuwa nafanya mazoezi, bibi. Nikatazama kuni zile.

"Mzee Walta," nikasema.

Wakatazamana. "Wa nyumba gani?"

"Wa Uingereza. Alikuwa fundi. Hawakumpigia kengele."

Mzee Mligo akakohoa kama mwenyekiti. "Alikuwa nani kwako, fundi?"

"Jirani."

 Kisha Bibi Twilumba akasema, "Basi msisimame," akanyoosha khanga chini akakaa. Akinamama wakawasha moto kwa kuni walizoleta, wanaume wakatoa mabenchi kanisani, na mtu akaanzisha wimbo. Tulikaa hadi alasiri. Waliniuliza alikuwa na watoto wangapi, alipenda kula nini, alikuwa mtu wa namna gani. Niliwaeleza yote niliyoyajua, na nilipofika kwenye kamwene yake ya kumwita mbwa, walicheka na kufuta macho.

Wakati wa kula, Mzee Mligo akasogea karibu na sahani yake ya ugali, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na ule ufa, fundi? Ulicheza?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilisahau kuutazama.